Vidole Vinne Juu ya Kiti

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, fundi wa fremu alikuwa akikoroga gundi ya ngano kwenye sufuria ambayo mpini wake ulikuwa umefungwa kwa waya, na bega lake la kulia lilikuwa limeanza kulalamika. Gundi ya kubandikia hariri haitaki kuachwa. Ukiipa kisogo kwa muda wa kupiga chafya inashika madonge, na donge moja likipita chini ya hariri litaonekana juu kama chunusi kwa miaka mia. Kwa hiyo gari liliposimama nje na kupiga honi, fundi hakugeuka. Alimwacha dereva apige ya pili, kisha akasema kwa sauti kwamba mlango uko wazi na mikono yake haiko wazi.

Dereva aliingia kinyumenyume, amebeba picha iliyofungwa kwa shuka la kitanda. Aliilaza mezani juu ya blanketi, polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia garini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Imeota tena. Kioo kimepasuka pembeni. Madamu anasema uikate upana wa vidole vitatu upande wa kushoto, kama mara ile. Usikunje, ukate. Jumamosi saa nne anaifuata mwenyewe, mchana ana wageni, wakwe watarajiwa."

"Mara ile fundi alikuwa marehemu baba," alisema. "Mimi sijawahi kuiona."

"Basi fanya kama marehemu baba," dereva alisema, akaenda zake, akasahau shuka.

Fundi aliteremsha sufuria, akafunua. Fremu ilikuwa ya mti mweusi mzito, yenye pembe za shaba. Ndani yake hariri ilikuwa imejisukuma upande wa kushoto mpaka ikatuna, mfano wa mguu uliotiwa kwenye kiatu cha mwaka juzi, na pale ilipotuna ndipo kioo kilipopasuka. Alitoa misumari midogo ya nyuma mmoja mmoja, akaipanga ndani ya kifuniko cha chupa.

Picha yenyewe ilijulikana mji mzima, hata na wale ambao hawakuwahi kukaribishwa kuiona. Ilikuwa ya familia ya nyumba ya mlimani, waliotajirika kwa vitambaa, na ndiyo maana waliona karatasi haiwatoshi wakataka wachorwe juu ya hariri. Bwana alikaa katikati na fimbo yake. Mkewe alikaa kulia, na mama mkwe nyuma, na watoto wa kiume sita walipangwa kwa vimo. Miguuni alilala mbwa. Chini yao yaliandikwa majina kwa wino mwembamba, tisa ya watu na la kumi la mbwa. Mtoto mdogo kuliko wote, wa miaka minne hivi, alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu ukingoni mwa kushoto, na juu ya mgongo wa kiti hicho palikuwa na vidole vinne. Vilikuwa vidole tu. Wageni wa nyumba ile huambiwa ni nakshi ya kiti. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na vile havikuwa na pete, kwa hiyo wageni hukubali.

Nyuma ya picha palikuwa na kadibodi iliyogeuka rangi ya chai, na juu yake mafundi waliotangulia walikuwa wameandika kwa penseli, kila mmoja lake, kama ilivyo desturi ya kazi. La kwanza lilisema: *Vidole vitatu vimekatwa kushoto, kwa amri ya mwenye nyumba.* La pili liliandikwa miaka ishirini na minane baadaye, kwa mkono mwingine: *Hariri imeota. Nimekunja nyuma.* Chini yake, kwa mkono uleule uliokasirika: *Imevunja kioo mbele ya wageni. Nimekata.* La tatu lilikuwa na miaka thelathini, na herufi zake zililala kama majani yaliyopigwa na upepo. Fundi aliujua mwandiko huo tangu alipokuwa anafundishwa kusoma.

*Imeota. Vidole vitatu kushoto. Nisamehe.*

Aliusoma mara mbili. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa kukukanyaga mguu, kisha akakuuliza kwa nini umeuweka pale.

Mlango wa nyuma ulifunguka na mama yake akaingia, akisukuma mbele yake kiti cha mbao alichokitumia badala ya mkongojo. Kilimfaa kuliko mkongojo, alisema, kwa sababu mkongojo haukaliwi. Alikuwa na miaka themanini na minane na masikio mazima.

"Nimesikia imeota," alisema.

"Imeota, mama."

"Na baba yako kaandika nini?"

Fundi alimsomea. Mama alikigeuza kiti chake, akakaa, akaipanga mikono yake magotini.

"Mwaka ule alikuwa hapati usingizi," alisema. "Nilimchemshia tangawizi miezi miwili, nikidhani ni tumbo. Nikamuuliza, mume wangu, kazi gani hiyo umefungia mlango? Akaniambia imeletwa picha ya matunda." Alitikisa kichwa. "Matunda."

Mwaka ule fundi alikuwa kwa mumewe, mji mwingine. Lakini habari ya vidole vinne aliijua tangu utoto, kwa sababu mama yake aliipata kwa wanawake waliokuwa wakifua nguo kwenye nyumba ya mlimani. Mama wa mama yake alikuwa yaya wa nyumba ile. Mchoraji alikaa siku kumi na moja, na kwa kuwa alikuwa mgeni asiyejua adabu za pale, alichora kila kilichokuwa mbele ya macho yake. Siku ya mwisho kifungo cha kola ya mtoto mdogo kilikatika, yaya akaja kukishona, amejifunga mtoto wake mwenyewe mgongoni, mkono mmoja ameegemeza juu ya kiti. Mchoraji akamchora na mtoto wake. Bwana alipoiona picha aliisifu sana, akalipa, kisha akaagiza kipande cha kushoto kiondolewe kabla ya kutiwa fremu. Vidole vilibaki kwa sababu kuvikata kungekata na bega la mtoto.

Miaka mitatu baadaye yaya alikufa palepale, jikoni, kwa homa aliyoambiwa itapita. Walimzika siku hiyohiyo, na hakuna aliyemwonyesha mtoto wake ni wapi. Mtoto huyo wa mgongoni ndiye aliyekuwa amekaa sasa kwenye kiti cha mbao, mikono magotini. Katika dunia nzima hakukuwa na sura nyingine ya mama yake isipokuwa hiyo iliyokuwa ikikatwa kila inapoota.

"Nakumbuka kiganja tu," alikuwa akisema miaka yote. "Kilikuwa kikavu, kina harufu ya sabuni. Sura nimeitafuta hata kwenye kioo sikuipata, maana sijui natafuta nini." Na akiwa na hasira aliongeza kwamba mganga hajigangi: nyumba ya mafundi fremu vizazi viwili, na ukutani hakuna bibi hata mmoja.

Fundi alianza kazi. Hariri iliyokaa miaka thelathini kwenye kadibodi mbovu haing'olewi kikavu, maana inakatika kama ganda la kitunguu. Hulazwa katikati ya karatasi nzito zilizoloweshwa na kukamuliwa, ikafunikwa kwa nailoni, ikaachwa inywe unyevu taratibu mpaka gundi ya zamani ikubali kuachia. Ni kazi ya siku moja. Baada ya hapo unaibandika kwenye karatasi mpya kwa gundi mpya, na gundi ikikauka, hariri hulala.

Saa kumi jioni alifunua kuangalia. Ukingo wa kushoto ulikuwa umeongezeka upana wa ukucha. Nyuzi mpya zilikuwa nyeupe kuliko za zamani, zimefumana zenyewe, na rangi ilikuwa inapanda juu yake polepole kama chai kwenye mkate. Vidole vinne vilikuwa vimepata vifundo.

"Ikikaa kavu huchukua miaka thelathini," alimwambia mama yake. "Ikiwa na unyevu inakwenda mbio. Kama kunde."

"Sura itafika lini?"

Fundi alipima kwa rula, akahesabu. "Ijumaa. Ikienda hivi."

"Na mimi?"

"Wewe uko mgongoni. Jumatatu."

"Na mwenyewe anakuja Jumamosi."

"Jumamosi saa nne."

Mama alitazama nailoni. "Basi lowesha," alisema.

Fundi alilowesha. Alijua anachokifanya, na alijua ni kosa la kazi. Siku moja ya unyevu ni dawa, ya pili ni bahati nasibu, ya tatu ni ukungu. Marehemu baba yake angemnyang'anya brashi. Alilowesha hata hivyo, Jumanne jioni na Jumatano alfajiri, na kila baada ya saa mbili alifunua akakagua wale tisa, kwa maana lolote likimpata mmoja wao ataulizwa yeye.

Jumatano ulitoka mkono wote hadi kwenye kiwiko. Gauni lilikuwa la bluu, na kwenye kiwiko palikuwa na kiraka cha kitambaa kingine, chenye maua. Mchoraji alikichora kiraka kile kwa bidii kuliko alivyochora fimbo ya bwana. Vidole vitatu vilivyoagizwa vilikuwa vimeshatimia, na fundi mwenye adabu zake angekata, akabandika, akaenda kulala. Gundi ilikaa kwenye sufuria ikafanya ngozi juu.

Alhamisi ulitoka mkono wa pili, ule ulioshika sindano. Uzi ulitoka kwenye kola ya mtoto ukaenda kwenye sindano bila kukatika, ingawa mara tatu ulikuwa umekatwa. Likafuata goti lililoinama, kisha mfuko wa aproni wenye kijiko kidogo ndani. Mama alihamia mezani kabisa. Alikula pale, akasinzia pale, na alipoamka aliuliza kilichotoka kama mtu aliyepitiwa na usingizi wakati wa taarifa ya habari.

"Kijiko," fundi alimwambia.

"Kijiko cha nani?"

"Nadhani chako."

Mama alisema hakukikumbuka, lakini alikitazama hadi saa ya chakula.

Ijumaa asubuhi madoadoa ya kijivu yalitokea kwenye kiatu cha bwana. Fundi aliyafuta kwa brashi laini, pumzi ameibana. Mashavu ya mtoto wa tatu yalikuwa yameanza kuchuja kidogo kuelekea kwa mtoto wa nne. Saa tano ilitoka ncha ya pua. Saa sita ikatoka midomo, nayo ilikuwa imebana kifungo kidogo cheupe, kile kilichokatika, akikisubirisha hadi sindano iwe tayari.

"Mama," yule mzee aliiambia picha. Alikuwa hajalitumia neno hilo kwa mtu yeyote kwa miaka themanini na tano, na lilimtoka kama la mtu mwingine. "Mama, wewe uliitwa nani?"

Yaya hakuweza kujibu. Alikuwa na kifungo mdomoni.

Jicho lilitoka saa kumi na robo. Lilikuwa jicho refu, lenye kope chache na mstari wa uchovu chini yake, na fundi aliona moja kwa moja kwamba ni jicho la mama yake, na kwa hiyo ni lake pia. Mama aliliona. Aliinuka kwenye kiti chake bila kushika popote, akazunguka meza, akainama upande huu, akainama upande ule, akarudi. Jicho lilikuwa limetazama chini, kwenye kola.

"Hanitazami," alisema.

"Yuko kazini, mama."

Mama alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Wamemchora yuko kazini."

Kisha akalia kidogo, bila fujo, huku akiifuta pua yake kwa pindo la shuka la dereva. Fundi alimwekea mkono begani na kuuacha hapo. Baadaye alilowesha tena.

Jumamosi kulipokucha palikuwa na shavu, sikio, na fundo la kitambaa kilichopita begani. Kitambaa hicho kilikuwa na uzito, kilivutwa nyuma na kitu ambacho bado hakikuwa kimetoka. Ukingoni kabisa kulikuwa na uvimbe mdogo wa mviringo, upana wa punje ya mahindi. Ungeweza kuwa kisigino.

Madamu aliwasili saa nne kasoro, na dereva nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mpole, anayenukia sabuni ghali, mjukuu wa yule mtoto wa kwenye kiti. Alimwamkia mama kabla ya jambo lolote, akamuuliza hali ya magoti. Kisha akainama juu ya meza na kutazama kwa muda wa kutosha, maana hakuwa mtu wa kutazama juujuu.

"Ana sura nzuri," alisema.

"Ana sura," mama alisema.

"Nilisema vidole vitatu, fundi. Hivi ni..."

"Saba."

"Basi saba."

Fundi alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Alisema mbao anayo, nyeusi hiyohiyo, ya mti uleule. Anaweza kuipanua fremu, apate na nafasi ya kuweka vijiti ili kioo kisiguse hariri, na picha ingekaa miaka mingine mia bila kupasua kitu. Anachohitaji ni hadi Jumatano. Hakutaja mtoto.

Madamu alisikiliza hadi mwisho. "Ukuta ule uko katikati ya madirisha mawili," alisema. "Fremu ikipanuka, dirisha la kushoto halifunguki. Tulishapima, hata enzi za baba." Ilikuwa kweli. "Halafu wageni wanakula saa saba."

"Ni mama yangu huyo," mama alisema.

"Najua, mama. Nyumbani wamekuwa wakisema hivyo siku zote."

"Basi niambie aliitwa nani."

Madamu alifikiri kwa uaminifu, mkono kidevuni. "Walikuwa wengi," alisema. "Wote waliitwa Yaya."

"Kwenye vitabu vyenu?"

"Hata kwenye vitabu wameandika Yaya." Alimshika mama mkono. "Ya kale hayanuki, mama."

"Hayanuki kwa aliyeyaacha," mama alisema.

Madamu alitabasamu kama watu wanavyowatabasamia wazee wanaochangamka. Chini ya picha, jina la mbwa lilisomeka vizuri.

"Mimi sikati," fundi alisema.

Hakuna aliyepandisha sauti. Madamu alisema anaelewa kabisa, kila mtu na moyo wake, na dereva ataipeleka kwa yule wa vioo karibu na soko, ambaye hana mambo mengi. Fundi alimjua wa vioo. Alikuwa kijana mzuri, mchangamfu. Alikata kila kitu kwa kisu cha zulia na kubandika kila kitu kwa gundi ya bomba, na kilichoanguka sakafuni alikifagia jioni. Dereva alianza kukusanya pembe za shuka, macho yake chini.

"Kata wewe, mwanangu," mama alisema. "Yule atamkata vibaya."

Fundi alimtazama mama yake, na mama yake akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kama anavyokubali kuongezwa chumvi.

Fundi alitia wembe mpya kwenye kisu. Aliweka rula ya chuma kando ya kiti kirefu, hatua ya uzi mmoja kutoka kwenye vifundo vya vidole. Ilimpitia akilini kwamba baba yake alisimama hapahapa, kwenye ubao huuhuu wa sakafu unaolia, akainamisha kichwa hivihivi. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma, na huruma hiyo haikumsaidia yeyote. Alikata kwa mkato mmoja bila kusita, kutoka juu hadi chini. Hariri mbichi haipigi kelele ikikatwa. Hakukuwa na damu.

Gundi ilikuwa imeshaoza, kwa hiyo aliishona hariri pembeni kwenye karatasi mpya kwa uzi mwembamba na sindano namba kumi na mbili, mshono ambao huchukua saa nzima na haulipiki. Madamu alisubiri akisoma simu yake. Fundi aliweka vijiti, akaweka kioo kipya. Kwenye kadibodi mpya alinakili maneno yote ya mafundi waliotangulia, kwa mpangilio wake, maana kadibodi ya zamani inatupwa. Chini yake akaandika: *Imeota. Vidole saba kushoto. Ana uso. Ukilowesha hadi siku ya saba, kuna mtoto.* Hakuandika nisamehe. Baba alikuwa ameshaliandika, na lilitosha kwa wote wawili. Akapigilia misumari, akabandika karatasi ya kaki juu ya yote ili vumbi lisiingie.

"Asante sana, fundi," Madamu alisema. "Mikono yako ni ya baba yako."

Wakati wote huo mama alikuwa na kile kipande mapajani. Kilikuwa utepe wa urefu wa mkono na upana wa vidole saba, na yaya alikuwa ndani yake mzima, isipokuwa vidole vinne na mgongo. Kilipotengwa na picha kilianza kukauka, na kadiri kilivyokauka ndivyo rangi ilivyokiacha. Kiraka chenye maua kilitangulia. Kijiko kikafuata. Mlango wa gari ulipofungwa nje, shavu lilikuwa limeshakuwa hariri tupu.

"Maji," mama alisema.

Fundi aliloweka brashi, akapitisha, akapitisha tena. Haikusaidia kitu. Hariri iliyokatwa inalowa tu, haioti. Jicho lilifuata, likiwa bado limetazama pale ilipokuwa kola. Kifungo ndicho kilichokaa mwisho, cheupe juu ya nyeupe, mpaka ikawa vigumu kusema kama kipo au hakipo, na baadaye haikuwa vigumu.

Mama aliukunja ule utepe mara nne.

"Nimemwona lakini," alisema.

"Umemwona."

"Mtu wa miaka ishirini na kitu. Mtoto kabisa." Alimpa fundi kile kipande. "Kiweke nyuma ya picha yetu."

Picha yao ilikuwa juu ya kitanda cha mama: yeye na marehemu baba siku ya harusi, wamesimama wameshikana mikono kwa woga. Fremu aliitengeneza bwana harusi mwenyewe. Fundi aliiteremsha, akailaza kifudifudi mezani, akang'oa misumari ya nyuma. Misumari haikuwa ya siku ya harusi. Ilikuwa ya aina iliyoanza kuuzwa baadaye. Nyuma ya picha, ndani ya karatasi laini iliyokunjwa kwa uangalifu mkubwa, kulikuwa na utepe wa hariri, upana wa vidole vitatu, mweupe ulioanza kugeuka manjano, usio na kitu chochote juu yake.

Mama alikuwa amelala chini yake miaka thelathini. Aliupokea, akaugeuza upande wa pili, akaugeuza tena, akaupeleka dirishani kwenye mwanga.

"Matunda," alisema.

Waliziweka tepe zote mbili pamoja. Kifuniko cha nyuma kilikataa kukaa kwa misumari ya zamani, kwa hiyo fundi alitafuta mirefu zaidi.

Jumatatu asubuhi dereva alipita kuchukua shuka. Alimkuta mama amekaa mezani, mbele ya meza tupu, kwenye kiti chake cha mbao. Ilikuwa ndiyo siku aliyoahidiwa. Dereva aliamkia, akasema mambo yalikwenda vizuri sana, wakwe walikula wakasaza, na picha ilisifiwa kuliko chakula.

"Hawakuuliza vidole?" fundi alimuuliza.

"Mama wa bwana harusi aliuliza."

"Wakamwambiaje?"

"Nakshi ya kiti." Dereva alilikunja shuka chini ya kwapa, akasita kidogo mlangoni. "Na dirisha linafunguka vizuri," alisema, kwa sababu alitaka kuacha neno jema, kisha akaenda.

Mama alikuwa bado anatazama meza. Kwenye blanketi palikuwa na alama ya maji, ya umbo la pembe nne, iliyokuwa inakauka kuanzia pembeni.

"Itaota tena lini?"

"Imeshonwa, haina gundi, lakini iko kavu," fundi alisema. "Miaka thelathini."

Mama alifungua kiganja chake kikavu, akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika cha tatu, akakifunga.

"Kaimwage hiyo gundi," alisema. "Inanuka."

Fundi alichukua sufuria, akatoka nayo nje.